Mke akipata kiharusi: mambo ambayo mume hana budi kuyajua

Wanaume wa rika langu hatukufundishwa kuuguza. Kwetu mgonjwa akilala, wanaokaa naye chumbani ni mama, dada, binti na majirani. Mwanamme kazi yake ni kulipia dawa, kukaa na wageni nje na kuuliza mlangoni, "Vipi, kaamkaje?" Lakini familia zetu leo zimetawanyika. Mtoto mmoja yuko Dubai, mwengine Uingereza, dada kabaki Unguja, na nyumba ya Maskati wamebaki watu wawili, bwana na bibi. Mmoja akianguka, yule aliyesimama ndiye nesi, mpishi, dereva na mkalimani.

Miaka mitatu sasa namuuguza mke wangu. Mshipa wa damu ulimpasuka kichwani, na siku ya saba, akiwa bado kitandani hospitali, akapata kiharusi. Tangu watu wajue habari zetu, simu haziishi: "Mwalimu, na sisi yametufika. Tufanye nini?" Mimi si daktari, nilikuwa mwalimu wa skuli. Haya hapa chini ndiyo ninayowajibu.

Maradhi yenyewe

Madaktari wanaita anurizimu. Pahala fulani ukuta wa mshipa wa damu ubongoni unadhoofika, unafura mfano wa tyubu ya baiskeli inavyochomoza palipochanika tairi. Wengi wanao na wanaishi mpaka uzeeni bila kujua. Hatari ni ukipasuka, kwani damu inamwagika kuzunguka ubongo. Dalili yake kubwa ni kichwa kinachouma ghafla, maumivu ambayo mtu hajapata kuyaona maishani mwake, yakafika ukali wake wote ndani ya dakika moja au hata chini ya hapo. Shingo inaweza kukakamaa, mgonjwa akatapika, mwanga ukamuumiza macho, au akapoteza fahamu. Kichwa cha namna hiyo si cha kumeza Panadol ukalala.

Tiba ni kuuziba ule mshipa usipasuke tena. Njia ya zamani ni kufungua fuvu na kuubana kwa kibanio kidogo cha chuma. Daktari Walter Dandy wa Marekani alifanya hivyo mwaka 1937. Njia ya pili haifungui kichwa. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja au wa mkono mpaka ubongoni, kisha anajaza nyuzi laini za platini ndani ya ule uvimbe mpaka damu isiingie. Hii aliianzisha Guido Guglielmi, daktari wa Kitaliani aliyekuwa California, na mgonjwa wa mwanzo alitibiwa mwaka 1990. Mke wangu alitiwa nyuzi.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea hesabu. Daktari akitoka akasema kazi imekwenda vizuri, watu wanashukuru, sadaka inatolewa, na wale waliokuja na ndege wanaanza kurudi makazini. Lakini damu iliyomwagika inaiudhi mishipa mengine, nayo inaweza kujikaza. Wakati wa hatari zaidi ni baina ya siku ya nne na ya kumi na nne. Mshipa ukijikaza sana, sehemu ya ubongo inakosa damu, na hicho ndicho kiharusi kilichompata mke wangu. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupewa dawa ya nimodipini kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 21. Basi kama watoto wako wana likizo ya wiki moja moja, wasije wote siku ya kwanza. Mmoja aje mwanzo, mwengine wiki ya pili, na wa tatu abaki mpaka siku ya kutoka hospitali. Siku hiyo ndiyo utakayomhitaji zaidi kuliko zote.

Wageni na uji

Kumzuru mgonjwa ni jambo jema katika dini yetu, na hakuna anayetaka kulaumiwa kuwa hakuja. Lakini ubongo ulioumia unachoka haraka mno. Sauti tatu zikizungumza pamoja, kwake ni sawa na kelele za soko. Mimi nilikaa mlangoni na saa yangu. Dakika 10, watu wawili kwa mara moja, simu zimezimwa. Kuna walionuna. Nilipowaeleza kwamba akizungumza nao robo saa, jioni hana nguvu za mazoezi, wenye busara walifahamu.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu lazima aulizwe, na wa kuuliza ni mtaalamu. Kiharusi kinaweza kudhoofisha koo, chakula kikaingia njia ya hewa kikafika mapafuni, na hiyo homa ya mapafu ndiyo inayowamaliza wengi. Usimpe uji, supu, tende wala hata fundo la maji ya Zamzam mpaka apimwe kumeza. Wengine huruhusiwa vinywaji vilivyotiwa unga maalumu viwe vizito. Akila, akae wima, kijiko kidogo, na asilazwe pale pale.

Kapimwa kwa lugha gani?

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, na ndilo linalotuhusu sisi khasa. Mke wangu alizaliwa Pemba, kaja Oman na miaka 23. Kiarabu kakipata ukubwani, kwa majirani na sokoni. Kiharusi kilimkamata upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio wenye maneno, na mkono na mguu wa kulia vikalegea. Kwenye hospitali moja alipimwa kwa Kiarabu cha kitabuni. Akaambiwa aonyeshe dirisha, aonyeshe mlango, afunge macho. Akabaki kukodoa. Kwenye faili pakaandikwa kuwa haelewi anachoambiwa.

Nikaomba ruhusa, nikamwambia: "Bibi, dirisha liko wapi?" Mkono wa kushoto ukanyanyuka ukaelekea dirishani. Nikamwambia afunge macho, akafunga. Yule binti aliyekuwa akimpima alikuwa mtu muungwana. Aliandika upya, akaniomba nimpe orodha ya maneno ya Kiswahili.

Jambo hili linajulikana. Mtu mwenye lugha mbili akipata kiharusi, lugha hazirudi kwa kipimo kimoja. Pengine inatangulia ya utotoni, pengine ile aliyoitumia zaidi. Na tofauti hii ina maana kubwa, kwani mgonjwa aliyeandikwa kuwa haelewi anaweza kupunguziwa mazoezi kwa kudhaniwa hayamfai. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa sema: "Lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, naomba iandikwe." Walioko Uingereza wana haki ya kuomba mkalimani katika hospitali za serikali bila ya kulipa. Hapa Ghuba mara nyingi mkalimani ni wewe mwenyewe. Basi kuwepo wakati wa kipimo ni muhimu kuliko kuwepo wakati wa wageni.

Na msishangae maneno yanavyorudi. Mke wangu alikuwa hawezi kutaja kijiko, lakini tukimuanzia Alhamdu aliisoma mpaka mwisho. Jamaa wakasema, "Mbona anaweza? Anadeka." Hadeki. Maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, sura, nyimbo, kuhesabu moja mpaka kumi, yanapita njia nyengine ubongoni kuliko sentensi unayoitunga sasa hivi. Wataalamu wenyewe hutumia uimbaji kuwarudisha baadhi ya wagonjwa kwenye maneno.

Nyumbani nikarudi ualimu. Nilikata kadi, nikachora sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, kanga, buli, kitanda. Maneno matano kwa siku, asubuhi kabla hajachoka. Uliza swali fupi la ndiyo au hapana. Zima televisheni. Kisha nyamaza, uhesabu mpaka kumi moyoni kabla ya kumsaidia. Kunyamaza huku kulinishinda kuliko kuchora, maana mwalimu kazoea kutoa jibu. Usimsemeshe kama mtoto. Akili yake ipo, kilichoharibika ni mlango wa kutokea.

Mwili na nyumba

Kosa la kwanza ninaloliona majumbani ni kumnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono ule dhaifu. Misuli ya bega imelegea, na ukiuvuta mkono kiungo kinaweza kuteguka, akapata maumivu ya miezi. Mwambie anayetoa mazoezi ya viungo akufundishe kumshika kiunoni, na mfundishe pia mtumishi wa nyumbani. Akilala, mkono ule uegeshwe juu ya mto.

Walioumia upande wa kulia wa ubongo huwa na jambo jengine: wanasahau kabisa kuwa kuna upande wa kushoto. Anakula nusu ya sahani anaiacha nusu, anajigonga mlangoni. Macho yake mazima. Ubongo ndio hauhesabu upande ule. Jizoesheni kumkumbusha ageuze kichwa.

Ondoa busati na mazulia madogo yanayoteleza. Weka kishikio msalani na kiti cha kuogea. Nywele, ndiyo, nimejifunza kumsuka. Vibaya mwanzo, alicheka mpaka akalia. Na sala aiswali kwa kadiri ya uwezo wake, kwa kukaa au kwa kulala, haina mzozo. Saumu ni suala la daktari na la sheikh pamoja. Mtu mwenye dawa za presha za kila siku asijiamulie mwenyewe kwa haya ya watu.

Moyo na hasira

Mgonjwa anaweza kulia bila huzuni au kucheka msibani. Hayo ni maradhi, asikemewe. Lakini huzuni ya kweli nayo ipo: takriban mtu mmoja katika kila watatu waliopata kiharusi hupata sonona, naye huonekana kama mvivu tu, hataki mazoezi, hataki kula. Hii ina dawa. Usiseme "imani yake imepungua." Mwambie daktari.

Uchovu nao unadumu hata mwili ukionekana mzima. Vijana wenu wanamjua Emilia Clarke, yule mwigizaji wa Game of Thrones. Alipasukiwa na mshipa mwaka 2011, na miaka miwili baadaye akafanyiwa upasuaji wa wa pili. Mwaka 2019 alieleza mwenyewe kuwa wakati mmoja alishindwa kutaja jina lake, na kwamba alikuwa akifanya kazi huku amechoka vibaya bila ya watu kujua. Kama msichana wa miaka ishirini na kitu alichoka hivyo, mwanamke wa miaka 58 akilala mchana asiambiwe mvivu.

Kupona huenda mbio zaidi miezi mitatu ya mwanzo, kisha huenda polepole, lakini hakusimami. Mke wangu alianza kujifunga kanga mwenyewe mwezi wa kumi na nne. Anayekwambia kuwa baada ya mwaka hakuna tena la kutazamia, usimsikilize.

Chuku, kombe na habasoda

Kisomo hakimdhuru mtu, na kinautuliza moyo wa mgonjwa na wa anayemuuguza. Nilikifanya na ninakifanya. Lakini kuna mambo mawili sikuyakubali. La kwanza ni kuacha dawa za hospitali ili "dawa ya asili ifanye kazi." La pili ni chuku au kuchuliwa shingo bila ya daktari kujua, khasa kwa mtu anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande. Na kila unachompa cha mitishamba, hata kama ni habasoda na asali, kitaje hospitali.

Na wewe je?

Mwezi wa tano nilipungua kilo 9 na presha yangu ikapanda. Binti yangu akaja kutoka Dubai akaniambia, "Baba, tukiuguza wawili hatutaweza." Tukapanga zamu. Alhamisi ni siku yangu. Nakwenda kunywa kahawa na wenzangu, na hakuna anayenipigia simu ila kwa dharura. Mwanangu wa Uingereza hawezi kuja, lakini kila usiku anampigia mama yake kwa picha na kumsomesha zile kadi. Usingoje waulize "tukusaidie nini?" Mwambie kila mmoja kazi yake.

Mume kumuosha mkewe si aibu. Baadhi ya wenzangu waliniuliza kwa nini nisimuachie mtumishi. Nikawajibu kuwa miaka thelathini na kitu yeye aliniosha nguo bila ya kuniuliza.

Yakumbukeni haya

Kiharusi mara nyingi kinatambulika kwa mambo matatu: uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yamevurugika. La nne ni muda. Viharusi vingi ni vya damu kuganda, na dawa ya kuyeyusha hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu; lakini kwa aliyevuja damu dawa hiyo hiyo inaweza kuua. Kipimo cha picha ya kichwa ndicho kinachotenganisha, kwa hiyo msimpe aspirini nyumbani. Andika saa yalipoanza, piga simu: Oman 9999, Imarati 998, Uingereza 999, Marekani 911.

Asiyepatwa naye ana la kufanya. Pimeni presha, na sigara ziacheni, kwani hivyo viwili ndivyo vinavyochangia zaidi mshipa kufura na kupasuka. Na ikiwa ndugu wawili wa damu, kama mzazi, kaka, dada au mtoto, wamepatwa na anurizimu, muulizeni daktari kama waliobaki wapigwe picha. Sisi ni watu wa kuoana ukoo kwa ukoo, tunajua nasaba mpaka babu wa saba. Basi kaeni na wazee wenu wiki hii, muwaulize nani alikufa ghafla kwa kichwa, mkaandike.