Kompyuta haishiki mtandao? Huenda kadi haijafa

Simu yako inashika Wi-Fi ya shule vizuri, lakini kompyuta mpakato iliyo pembeni haishiki mpaka uisogeze karibu kabisa na ruta. Fundi anasema kadi imekufa, inunuliwe nyingine. Kabla hamjatoa fedha, tuwaeleze jambo moja.

Kadi ya mtandao haifanyi kazi peke yake. Inaongozwa na draiva, yaani programu inayofanya kazi ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta. Kwenye Linux, draiva nyingi zina mipangilio inayoweza kubadilishwa.

Mfano ni kadi ya Realtek RTL8723BE. Ina nafasi mbili za antena, lakini baadhi ya kompyuta zilitoka kiwandani zikiwa na antena moja tu. Draiva ikitumia nafasi iliyo tupu, mawimbi huwa hafifu.

Amri ya lspci -k huonyesha kadi na draiva yake. Ikiwa ni rtl8723be, fundi aandike mstari huu, kwa nenosiri la msimamizi, katika faili /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf:

options rtl8723be ant_sel=2

Kisha azime kompyuta na kuiwasha tena. Hali isipobadilika, aweke 1 badala ya 2. Zote mbili zikishindwa, aufute mstari huo na kuwasha upya. Kompyuta itarudi ilivyokuwa. Hapo ndipo mzungumzie kadi mpya.

Ukienda kwa fundi, mwonyeshe maelezo haya kwenye simu yako.