Kelele na Masikio ya Askari wa Zimamoto

Visima vya Makutupora huupatia mji wa Dodoma sehemu kubwa ya maji yake, yakiwamo yale ya kuzimia moto. Lakini king'ora na pampu ya gari la zimamoto huweza kufikia kelele ya desibeli 100. Sikio huhimili desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100, basi, zasalia dakika 15 tu. Chembe hai zipokeazo sauti zikifa, hazizaliwi upya.

Aghalabu askari huepuka vikinga masikio, akichelea kutosikia amri au kilio cha aliyenaswa. Hofu hiyo ni ya haki. Yafaa avivae garini na penye pampu, avivue aingiapo motoni; la sivyo, iko siku kilio hicho hatakisikia kabisa.