Je, Wajua? Dickens alirudi ndani ya behewa kufuata mswada

Kabla riwaya hazijampa jina, Charles Dickens alikuwa mwandishi wa habari za Bunge mjini London, akinasa hotuba za wabunge kwa hatimkato. Maisha yalimfunza mapema. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, alibandika lebo kwenye vyombo vya rangi ya viatu kiwandani, huku baba yake akiwa gerezani Marshalsea kwa ajili ya madeni. Uchungu ule haukumtoka, na si ajabu watoto mafukara wamejaa vitabuni mwake.

Riwaya zake zilitoka sehemu kwa sehemu, kila wiki au kila mwezi, hivyo hata wasio na uwezo wa kununua kitabu kizima walizisoma.

Tarehe 9 Juni 1865 treni aliyopanda ilipata ajali Staplehurst, Kent, na watu 10 wakafa. Dickens aliwahudumia majeruhi, akiwachotea maji kwa kofia yake. Kisha akapanda tena kwenye behewa lililoning'inia darajani, akautoa mswada wa riwaya yake Our Mutual Friend. Alifariki tarehe hiyohiyo mwaka 1870, riwaya yake The Mystery of Edwin Drood ikiwa imefika nusu tu: sehemu 6 kati ya 12.