Mkulima wa Singida na ahadi za Mungu: Kuamini siyo kukaa ukisubiri

Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia karibu mwisho wa Novemba hadi Aprili. Kwa mwaka hupata milimita kama 500 hadi 800. Mvua ikikata mapema, mtama, uwele na alizeti vinakauka, na hakuna msimu wa pili wa kufidia.

Ndiyo maana kuanzia Iramba mpaka Manyoni, mvua ikichelewa makanisani wanaomba. Waumini wanakumbushana Mwanzo 8:22, pale Mungu anapoahidi baada ya gharika kwamba kupanda na kuvuna havitakoma duniani.

Sasa swali linakuja: kuamini ahadi za Mungu maana yake ni nini hasa? Tuangalie mambo manne kutoka kwenye Biblia yenyewe.

1. Ahadi ina muda wake
Abrahamu aliitwa akiwa na miaka 75. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Hapo ni miaka 25 ya kusubiri! Na mara tu baada ya kupewa ahadi, njaa iliingia, akalazimika kukimbilia Misri (Mwanzo 12:10). Kwa hiyo kupata njaa siyo dalili kwamba Mungu amekuacha.

2. Soma na mstari wa juu yake
Wengi tunaweka Yeremia 29:11 kwenye status ya WhatsApp, kwamba Mungu anatuwazia mema. Lakini ile ilikuwa barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unasema wangekaa huko miaka 70. Je, waliambiwa wakae tu? Hapana. Mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba, walime na wale matunda ya mashamba yao.

3. Ahadi haifuti kazi wala dawa
Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Mungu akamwahidi kupona na kuongezewa miaka 15. Hata hivyo, nabii Isaya aliagiza aletewe tini, zikawekwa kwenye jipu lake, akapona (2 Wafalme 20:1-7). Ahadi na tiba vilikwenda pamoja. Kama uko kwenye dozi, omba na uendelee kumeza dawa zako. Na kama una hela ya mbegu ya alizeti, nunua mbegu uipande. Usiitoe yote kwa mtu anayekuahidi kwamba itarudi mara mia.

4. Kuamini siyo kumjaribu Mungu
Kwenye Mathayo 4, shetani alimnukulia Yesu ahadi ya Zaburi 91 ili ajirushe kutoka juu ya hekalu. Yesu alikataa. Maana yake hata andiko la kweli linaweza kutumika vibaya. Februari 1, 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye msongamano wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walitafuta baraka, na nyumbani ukafika msiba.

Je, nisipopata nilichoomba?
Waebrania 11:13 inawataja watu waliokufa bila kupokea walichoahidiwa, na bado wanahesabiwa kuwa watu wa imani. Hii inatugusa sana huku kwetu. Kuna mtu ameomba, amelima kwa wakati, amepalilia, na bado mvua imemwangusha. Huyo hajapungukiwa imani.

Basi ndugu msomaji, ukikutana na jirani aliyevuna debe mbili msimu mzima, usimwambie aombe zaidi. Mpelekee debe la mtama. Pengine wewe ndiye jibu la ahadi aliyokuwa anaisubiri.