Kufuli Lafunguka, Mlango Wagoma

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, juu ya kabati la vyombo au mvunguni mwa kitanda, pana sanduku la kanda za kaseti ambalo hakuna anayethubutu kulitupa. Ndani yake mna maulidi ya mwaka fulani, mawaidha ya sheikh aliyekwisha kutangulia, na zile barua za sauti walizotuletea ndugu zetu kutoka Muscat na Dubai wakati ambapo kupiga simu kulikuwa ni anasa.

Sanduku letu la Kisauni lilikuwa na kanda 140. Za tarabu hazikunitia wasiwasi. Juma Bhalo na Zein l'Abdin walienea kila mtaa, duka la Mbwana Radio katika Mji wa Kale liliwauza miaka na miaka, na ikikupotea yako utaipata kwa jirani. Nyimbo za harusi za akina mama, zile za vugo na za kumwingiza bwana harusi, ndizo hazikuwa na duka. Ziliimbwa uani, wanawake kwa wanawake, na kama hapakuwa na mmoja wao aliyekumbuka kuwasha redio kaseti, basi ziliishia pale pale. Bibi yangu wa Likoni alikuwa mwimbishaji wa nyimbo hizo. Alirikodiwa mara moja tu, mwaka 1983, na sasa ni marehemu wa miaka mingi.

Hali ya hewa ya hapa haina huruma na kanda. Ukanda hushikana, huota kuvu, na wakati mwingine hukatika siku ile ile uliyoamua kuusikiza. Ndiyo sababu mtoto wa kaka yangu, kabla ya kwenda Oman kikazi mwaka 2022, alinunua kompyuta kuukuu ya ofisi, akaiweka chumba cha nyuma, akakaa miezi mitatu akizihamisha kanda zile, upande kwa upande, kwenye diski ya nje. Kompyuta hiyo moja akaifanya kompyuta tatu.

Msomaji asistaajabu. Aliyekulia Kisauni au Changamwe aijua nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwa nyuma. Mwenye nyumba ni mmoja, lakini kila mpangaji ana mlango wake, kufuli lake na jiko lake, na akishajifungia hujiona yuko kwake. Mashine pepe ndiyo mpangaji huyo. Ni kompyuta isiyo na mwili. Hukopa akili, kumbukumbu na nafasi ya diski kwa ile kompyuta ya kushikika, wala haijui kwamba imepanga. Fikira yenyewe si ya jana. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, kwa mashine zilizojaza chumba kizima. Tangu mwaka 2007 mfumo wa Linux, ambao haulipiwi, una uwezo huo ndani yake, hata sanduku lililochoka kama letu likaweza kupangisha.

Mpangaji wa kwanza alikuwa wa masomo ya watoto, wa pili wa hesabu za duka. Wa tatu alikuwa wa kanda. Kwake ndiko kulikokuwa na daftari la kanda zote: nambari, mwimbaji, mwaka, harusi ya nani.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Sanduku letu lina betri ya akiba, likazima kwa adabu. Na iliporudi stima likawaka lenyewe. Hakuna aliyelishughulikia. Wiki tatu baadaye, katika Mfungo Sita, tukawa na harusi ya binti wa familia huko Likoni, na wazee wakaomba jambo moja tu: usiku wa akina mama isikizwe sauti ya bibi, kwani bi harusi amepewa jina lake.

Nikaketi kuifungua. Nikaandika jina langu, nikaandika neno la siri, nikabonyeza. Kimya. Hakikuja kile kijineno cha kuniambia nimekosea, wala hapakuja karibu. Kioo kilibaki cheusi, kialama kimoja kikipepesa pembeni. Nilikwenda kuswali Magharibi nikarudi, bado kinapepesa.

Hapo ndipo walipoanza kuja wajuzi, na mtaa wetu haukosi wajuzi. Wa kwanza alisema neno la siri limeharibika. Wa pili alishauri kila kitu kifutwe mashine ipigwe upya; kwake yeye kila ugonjwa dawa yake ni hiyo. Wa tatu, kijana mwenye nia njema kabisa, aliichomoa diski ya nje akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi yenye Windows. Ikamwambia kwamba diski hii yapaswa kuandaliwa kabla ya kutumika, je, iandaliwe? Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe dada yangu alipopiga ukelele. Diski ile ilipangwa kwa mtindo wa Linux ambao Windows haiusomi, na isichokisoma hukichukulia kama kitu kitupu. Angebonyeza ndiyo, bibi angezikwa mara ya pili.

Baada ya Isha nikampigia mwenyewe. Muscat wametutangulia kwa saa moja, alikuwa yuataka kulala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako imekufa."

"Haikufa. Rudisheni diski mahali pake, zimeni sanduku, mwashe. Kisha msiguse kitu."

Tukafanya hivyo. Mambo yakawa yale yale, na baadaye nitaeleza kwa nini. Akanifundisha kuingia kwa mwenye nyumba, yaani ile kompyuta yenyewe, akanitajia amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye diski. Zikateremka faili 280, zote zipo. Nilihimidi kwa sauti, nikamwambia basi, yamekwisha.

"Bibi ni nambari ngapi?"

Sikujua. Alizipa faili nambari tupu, majina yamo katika daftari, na daftari limo ndani kwa mpangaji aliyegoma. Pande 280 za dakika 45 ni saa 210 za kusikiliza, na harusi ilikuwa ya siku nne mbele.

Sasa akaniuliza swali ambalo wale wajuzi watatu hawakuniuliza. "Ukiandika neno la siri la uwongo, yasemaje?"

Nikajaribu. Mashine ikanikataa baada ya kitambo kidogo, kwa maneno yake ya kawaida. Nikaandika la kweli, ikaganda.

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. Kama kufuli lingekuwa limeharibika, la kweli na la uwongo yangepata jawabu moja. Kumbe kufuli li zima: lamjua mwongo, lamjua mwenyewe. Mwenyewe hufunguliwa, huvuka kizingiti, na kunaswa baada ya kizingiti. Kwa hivyo si la kuuliza tena kuhusu ufunguo. La kuuliza ni, mtu akishaingia huenda wapi?

Katika mfumo huu kila mtumiaji ana chumba chake, na kitu cha kwanza anachofanya akiingia ni kukifikia. Mpwa wangu akaniambia niingie kwa mlango wa msimamizi, kwa jina la root, kupitia dirisha ambalo mwenye nyumba humtazamia mpangaji wake. Nikaingia mara moja bila ya taabu. Root chumba chake kiko ndani ya diski ya mpangaji mwenyewe. Chumba changu mimi, kwa sababu kilikuwa cha kanda, kilikuwa kwenye ile diski ya nje, ambayo mpangaji huifikia kwa kupitia mtandao wa nyumbani, kwa njia iitwayo NFS iliyotungwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Yaani nimepanga Kisauni lakini kitanda changu kiko ng'ambo.

Akaniambia niandike df, amri ya kupima nafasi za diski. Nayo ikaganda. Akacheka. Nilikasirika, saa sita ya usiku ilikuwa karibu, lakini yeye alifurahi, kwa sababu df haihitaji neno la siri wala haina habari na mimi. Kazi yake ni kugonga kila diski na kuuliza ina nafasi gani. Ikiwa imeganda, basi pana mlango mmoja iliougonga usiojibiwa. Nikafungua dirisha jingine, tukasoma kumbukumbu ya matukio ya mashine. Mstari mmoja ulijirudia mara baada ya mara, na maana yake ni hii: seva ya 192.168.1.10 haijibu, bado najaribu.

Bado najaribu! Wiki tatu!

"Na mwenye nyumba sasa nambari yake ngapi?" Nikatazama. 192.168.1.14.

Basi kisa chote ni hiki. Ruta ya nyumbani, ile inayotugawia intaneti, haikuwa kwenye betri ya akiba. Ilizimika ikasahau nani alikuwa na nambari gani, na stima iliporudi ikagawa upya kwa anayewahi, kama foleni ya maji. Simu ya binti yangu iliwahi ikachukua 10. Mwenye nyumba akapata 14. Na mpangaji? Sanduku lilipozimwa kwa adabu halikumzima yeye. Lilimlaza, likaandika kila kilichokuwa kichwani mwake kwenye diski, na lilipowaka likamwamsha kama alivyokuwa. Msomaji wa Suratul Kahf kila Ijumaa hahitaji kuelezwa zaidi: aliyelala pangoni huamka akadhani ni siku moja au sehemu yake, akatoka kwenda sokoni na sarafu zake za zamani. Mpangaji wetu aliamka na nambari ya zamani mkononi, akawa abisha kwa simu ya mtoto wa shule na kuiomba kanda za harusi. Na ndiyo sababu kuzima na kuwasha hakukutufaa: kila tulipozima alilazwa, kila tulipowasha aliamka na ndoto ile ile.

Lakini kwa nini asikate tamaa akaniambia? Kwa sababu mpwa wangu alimwagiza hivyo. NFS ina namna mbili. Iko laini, ambayo ikikosa jawabu hurudisha kosa. Na iko ngumu, ambayo hungoja hadi mwisho wa dunia. Ngumu ndiyo ya kawaida, na yasemekana ndiyo salama, kwani afadhali mashine ingoje kuliko iandike nusu ya faili na kudhani imemaliza. Sina ugomvi na hekima hiyo, ila ningependa mashine inayongoja iseme kwamba yangoja.

Dawa ilikuwa fupi kuliko utambuzi. Tuliitoa simu ya binti yangu kwenye mtandao wa nyumbani. Alinung'unika, nikamwambia ni kwa ajili ya bibi yake mkubwa. Mwenye nyumba tukamrudishia nambari 10, safari hii kwa kuiandika ndani yake asiiombe tena kwa mtu, na kwenye ruta tukaiwekea alama isipewe mwingine. Tukaianzisha upya huduma ya kugawa diski. Kwa dakika moja hivi hapakuwa na kitu, na moyo wangu ulianguka, lakini mpwa alikuwa amenionya: seva hii ikiamka huwapa wateja wake wa zamani nafasi ya kudai vyao kwanza, kwa kawaida sekunde 90.

Kisha madirisha manne tuliyokuwa tumeyaacha yameganda yakafunguka yote kwa pamoja, kila moja likinikaribisha, kama wageni waliokwama feri wakafika wote kwa mpigo.

Daftari likasema: kanda ya 67, upande wa pili. Kabla ya kuisikiza nilitoa nakala mbili za diski nzima. Moja iko kwa dada yangu Changamwe, ya pili ilivuka feri nami siku ya harusi na imebaki kule kule Likoni.

Usiku wa akina mama ukafika, uwa umejaa, asumini imetapakaa, watoto wamefukuzwa. Nikabonyeza. Kwanza ulikuja uvumi wa ukanda, halafu kikohozi, halafu sauti ya bibi, karibu kabisa na kipaza sauti, akimwuliza aliyekuwa ameshika redio kaseti mwaka ule wa 1983:

"Yashika hiyo? Ama mwanitaabisha bure?"

Na wale walioketi mbele, wanawake wa miaka sabini na zaidi, wakamjibu kwa pamoja: "Yashika, Bi Mkubwa! Imba!"