Richard Harris: Jina Lapanda, Nyumba Yabomoka

Watoto wengi wanamjua Richard Harris kama mzee wa ndevu nyeupe, mwalimu mkuu katika filamu mbili za kwanza za Harry Potter. Yasemekana alikataa kazi hiyo, mpaka mjukuu wake wa kike alipotishia kutosema naye tena. Akina bibi wenzetu mnaelewa!

Alizaliwa Limerick, Ireland, Oktoba 1, 1930, katika nyumba yenye watoto wengi. Alipenda mchezo wa raga kuliko masomo. Akiwa kijana, kifua kikuu kilimlaza muda mrefu na ndoto ya uchezaji ikaishia hapo. Kitandani alisoma vitabu kwa wingi, na alipopona akaenda London kusomea uigizaji.

Mwaka 1957 alimwoa Elizabeth Rees-Williams, wakajaliwa wana watatu. Filamu ya This Sporting Life, ya mwaka 1963, ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes. Mwaka 1967 akawa Mfalme Arthur katika Camelot, akaimba mwenyewe. Mwaka uliofuata alitoa "MacArthur Park", utungo wa Jimmy Webb unaochukua zaidi ya dakika 7, nao ukafika nafasi ya pili Marekani. Kwa maoni yetu sauti yake haikuwa ya mwimbaji hodari. Aliimba kama mtu anayesimulia habari iliyomwumiza, na watu wakamsikiliza.

Lakini jina lilipokuwa likipanda, nyumba ilikuwa ikibomoka. Pombe ilimtawala, wala hakuificha. Mara nyingine alisimulia vituko vyake vya ulevi kama mzaha. Mama aliyewahi kukesha akisikiliza mlango, watoto wamelala, hauoni mzaha huo. Wakatalikiana mwaka 1969. Ndoa ya pili, na mwigizaji Ann Turkel, ilianza 1974 ikavunjika 1982.

Mwaka 1981, afya ikiwa imezorota, aliacha kunywa, na kwa miaka mingi hakugusa tena. Kazi yake nzuri ikarudi: katika The Field ya 1990 aliigiza mkulima anayeng'ang'ania shamba hata kuwapoteza watu wake. Tunaiona kuwa bora kuliko zote.

Wanawe waliingia kazi hiyo hiyo: Damian mwongozaji, Jared na Jamie waigizaji. Naye Elizabeth alibaki rafiki yake. Harris alifariki London, Oktoba 25, 2002, kwa saratani ya tezi. Filamu yake ya pili ya Harry Potter ilianza kuonyeshwa mwezi uliofuata.