Kanda ya Maktaba ya Mbarara na Nakivale: Nani Alipe, Nani Aamue?

Nchini Uganda, maktaba za umma zilisimamiwa na Bodi ya Maktaba za Umma iliyoundwa kwa sheria ya 1964. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ilikabidhi wilaya jukumu hilo. Ile ya 2003 ikaiachia Maktaba ya Taifa ushauri na uwekaji wa viwango. Jukumu lilishuka, lakini halikufuatana na kodi yake maalumu.

Je, yaweza kuundwa kanda moja yenye kodi ya maktaba, inayounganisha Jiji la Mbarara na makazi ya Nakivale wilayani Isingiro? Ibara ya 152 ya Katiba ya 1995 hairuhusu kodi isiyotokana na sheria ya Bunge. Njia iliyo karibu ni mabaraza ya Mbarara na Isingiro kutenga sehemu ya kodi ya huduma za mitaa, iliyoanzishwa 2008.

Hata hivyo, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi. Hivyo aweza kulipa, ilhali hapigi kura ya kumchagua diwani. Bodi ya kanda isipompa kiti, Mkongomani wa Nakivale atachangia rafu ambazo huenda zisiwe na hata kitabu kimoja cha Kiswahili.